Blowa za petroli za kupulizia majani: mji uzipige marufuku au uziache?

SikioLaTatu (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Nimevumilia sana, leo naleta hoja mezani.

Nafanya kazi zamu ya usiku. Naingia kitandani saa mbili asubuhi, na saa mbili na nusu jamaa anafika na blowa mgongoni. Anavuta kamba mara ya kwanza, kimya. Ya pili, inakohoa. Ya tatu inashika, na usingizi wangu umeishia hapo. Nimefunga dirisha, nimeziba masikio, nimejifunika mto kichwani, na bado ile sauti inapita ukutani utadhani ukuta ni pazia.

Leo nikaamka kabisa nikasimama dirishani kumwangalia. Dakika kumi nzima anakimbizana na majani kama saba hivi kwenye maegesho. Anayasukuma mpaka ukingoni, upepo unayarudisha, anayafuata tena. Majani saba!

Mimi nasema mji upige marufuku blowa za petroli, tumalize. Wala sio wazo jipya. Carmel-by-the-Sea, kamji kadogo ka California, walizikataza tangu 1975. Washington DC walipitisha sheria yao 2018, ikaanza kung'ata tarehe 1 Januari 2022, faini hadi dola 500. Wenye blowa msinirushie mawe, shusheni hoja.

BwanaReki

Nimeweka kambi hapa.

MtuWaBustani

Mleta mada, pole na usingizi. Ila huyo unayemwangalia toka dirishani ni mimi. Sio mimi hasa, ila ni mimi. Nina miaka kumi na moja na hiyo mashine mgongoni.

Kazi yetu hailipwi kwa saa, inalipwa kwa nyumba. Asubuhi bosi anatupa orodha, nyumba tisa, siku nyingine kumi na moja. Uwanja ambao blowa inaumaliza kwa dakika ishirini, kwa reki ni saa nzima na ushee, na kama majani yamelowa ndiyo kabisa, yanaganda chini kama stempu. Sasa niambie, zile nyumba nne zitakazobaki bila kufanywa nani atanilipa?

Na hayo majani saba unayoyacheka, mwenye nyumba akirudi jioni akayakuta matatu tu anampigia bosi simu. Hapigi simu kusema leo hapakuwa na kelele, asanteni. Anapiga kusema kuna majani.

SikioLaTatu

Hapo umenigusa mkuu. Lakini moshi je? Wewe ndiye wa kwanza kuuvuta.

MtuWaBustani

Nani kakwambia siujui?

FundiKabureta

Ngoja niingie, maana hizi injini nazifungua kila wiki.

Kelele ndiyo inayosikika, lakini ugonjwa wenyewe uko ndani ya silinda. Blowa nyingi za mgongoni ni injini za mapigo mawili. Hazina valvu wala oili yake ya kukaa chini kama ya gari. Oili unaichanganya na petroli kwenye galoni, kwa mashine nyingi za sasa sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili. Hiyo oili inaungua pamoja na mafuta, ndio ule moshi wa bluu mnaouona.

Hilo la oili ni dogo. Kubwa ni hili: pistoni ikishuka, tundu la kutolea moshi linakuwa wazi wakati mmoja na tundu la kuingizia mchanganyiko mpya. Huo mchanganyiko mpya ndio unaousukuma moshi utoke. Sasa ukisukuma maji machafu kwa maji safi kwenye bomba moja, unadhani safi yote itabaki ndani? Sehemu yake inatoka na uchafu. Kwenye injini za muundo wa zamani inaweza kufika robo, hata karibu theluthi ya mafuta, yanatoka mabichi bila kuona cheche. Ndiyo maana nguo za mtu wa blowa zinanuka petroli hata siku ambayo hajamwaga tone.

MtuWaBustani

Mke wangu hazifui pamoja na za watoto.

ChajiImejaa

Nakazia kwa fundi. Mamlaka ya hewa ya California (CARB) ilipiga hesabu: kutumia blowa ya petroli ya kazi kwa saa moja ni sawa na kuendesha gari dogo la kisasa kilomita kama 1,770, yaani kutoka Los Angeles hadi Denver. Saa moja! Kwa hiyo blowa moja inaharibu tabianchi kuliko magari ya mtaa mzima. Kwanini tunabishana?

FundiKabureta

Chaji, takwimu umeitoa sawa, tafsiri umeipeleka pembeni. Na ni kosa ambalo kila mtu analifanya.

Ile hesabu inahusu vichafuzi vinavyotengeneza ukungu wa moshi mjini, yaani haidrokaboni na oksaidi za nitrojeni. Haihusu hewa ukaa. Fikiria mwenyewe: gari likienda kilomita 1,770 linamaliza zaidi ya lita mia. Tenki la blowa ni kama lita mbili. Utatoaje hewa ukaa ya lita mia kwa lita mbili? Haiwezekani, labda iwe miujiza.

Linganisho linatoka hivyo kwa sababu gari la sasa lina masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi na kompyuta inayopima mafuta kila sekunde, kwa hiyo uchafu wa aina hiyo gari limeukata karibu wote. Blowa nyingi haina chochote cha hivyo. Mwaka 2011 Edmunds, wale wapima magari wa Marekani, waliipambanisha blowa ya mapigo mawili na pikapu ya Ford F-150 Raptor, lile dubwana. Wakakuta nusu saa ya blowa inatoa haidrokaboni sawa na pikapu ikienda zaidi ya kilomita 6,000.

Kwa hiyo ukitaka kuipinga blowa, ipinge kwa kifua na pua za watu wa karibu. Ndani ya ule moshi kuna kemikali za sumu kama benzini na fomaldehaidi, na anayetembea katikati yake kutwa ni aliyebeba mashine. Habari ya kuokoa dunia iache, utaumbuka.

ChajiImejaa

Sawa fundi, nimekubali kipigo.

BwanaReki

Kumbe humu kuna watu.

DadaWaMasikio

Mimi kazi yangu ni kupima watu usikivu, niongee kidogo.

Kiwango cha kazini kinachotumiwa na wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatika nusu. 88 ni saa nne, 91 ni mbili, 94 ni moja. Ukifika 100 umebaki na dakika kumi na tano za siku nzima. Blowa ya petroli ya mgongoni, kwenye sikio la aliyeibeba, inacheza kwenye tisini na kitu hadi mia. Kaka MtuWaBustani anafanya nyumba tisa. Pigeni hesabu wenyewe.

Na mleta uzi hajakosea kuhusu ukuta. Ngurumo ya injini ina sauti nyingi za chini, zile nzito, na sauti nzito ukuta na kioo haviisimamishi vizuri. Sauti nyembamba inaishia njiani, nzito inakufuata mpaka kitandani. Watu wawili wanaweza kupima desibeli zile zile, mmoja akalala na mwingine asilale.

Kaka, unavaa kinga ya masikio?

MtuWaBustani

Dada, nitasema ukweli. Miaka sita ya kwanza sikuvaa, hakuna aliyeniambia. Sasa hivi nikilala kuna nyenje kichwani, haizimiki. Mke wangu akiongea nimempa mgongo simsikii, anadhani namdharau. Na jioni nikishaizima mashine mikono inaendelea yenyewe. Nikikoroga chai kijiko kinagonga kikombe, ting ting ting, watoto wanacheka.

Kwa hiyo msidhani naipenda. Mimi nachukia watu wanaotaka kuiondoa bila kusema nitashika nini kesho yake.

DadaWaMasikio

Pole sana kaka. Nenda ukapimwe. Nyenje huenda isiondoke, ila kilichobaki kinaweza kulindwa.

WakiliWaJioni

Sasa hapo ndipo sheria nyingi zinapokwama, na kuna kisa cha kujifunzia.

Los Angeles, 1996, baraza la jiji lilipitisha katazo la blowa za petroli karibu na makazi, ndani ya futi 500, ambazo ni kama mita 150. Waliokuwa wakilalamika ni wenye nyumba za kifahari. Wa kukamatwa wakawa watunza bustani, wengi wao wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, ambao mashine ndiyo mtaji wao wote. Januari 1998 wakagoma kula nje ya jengo la jiji. Yaani mtu analala na njaa kwa ajili ya mashine inayomuumiza mwenyewe. Sheria ilibaki, ila miaka yote hii utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua na blowa zimeendelea kunguruma.

Na sababu haihitaji darubini. Kelele haikai mahali. Jirani anapiga simu, anasubiri, afisa anafika baada ya muda, jamaa alishafunga mashine kwenye pikapu na yuko nyumba ya nne mbele. Ushahidi uko wapi?

Ndiyo maana jimbo la California baadaye lilibadili mbinu. Sheria waliyopitisha 2021 haimgusi mwenye mashine ya zamani. Inagusa kiwanda na duka: injini ndogo mpya za bustani zinazotengenezwa kuanzia 2024 zisitoe moshi. Wakatenga na dola milioni 30 kuwasaidia wenye biashara ndogo kubadilisha. Hela haikutosha wote, lakini angalau walikumbuka kwamba kuna mtu nyuma ya mashine.

SikioLaTatu

Kwa hiyo DC nao wamefeli?

WakiliWaJioni

Sijasema hivyo. DC waliwapa watu zaidi ya miaka mitatu kujiandaa, hilo lina uzito wake. Portland ya Oregon nao wamekwenda kwa ngazi: kuanzia 2026 ruhusa ya petroli ni Oktoba hadi Desemba tu, majani yanapoanguka kwa fujo, na 2028 mlango unafungwa moja kwa moja. Huo mpango naupenda, maana unamkubalia mtu wa bustani kwamba msimu wa majani mabichi yaliyolowa ni vita vingine.

Halafu kuna kinyume chake. Texas na Georgia, mwaka 2023, majimbo yaliizuia miji yao kuzikataza kwa sababu tu zinatumia petroli. Kwa hiyo huko mjadala wetu huu umeshafungwa na watu wa juu.

JuaKaliMjini

Serikali sasa inataka kutupangia hata jani la kupuliza. Kesho watakuja na sheria ya kukoroma.

BwanaReki

Wewe usikorome hewani tu, utatuua.

ChajiImejaa

Nirudi na hoja yangu kistaarabu. Blowa za betri zipo, za mgongoni kabisa. Hakuna kamba ya kuvuta, hakuna kuchanganya oili, hakuna kubadili plagi. Bonyeza, inapuliza. Kelele ipo, lakini ni ya feni, nyembamba, inafia njiani kama dada alivyoeleza. Kwa uwanja wa mtu mmoja nyumbani sioni sababu hata moja ya petroli.

MtuWaBustani

Kwa uwanja wa mtu mmoja hata mimi sioni. Mimi nyumba tisa.

Nimeijaribu ya betri, bosi aliazima mbili. Kwa majani makavu kwenye sementi safi sana, nilifurahi, nikasikia ndege. Tukaingia kwenye uwanja wenye miti mikubwa na majani ya wiki mbili yaliyolowa, nikabana kitufe cha nguvu zote, betri haikumaliza hata saa. Ikabidi ya pili. Halafu ya tatu. Saa sita mchana zote zimelala na hatujafika nusu ya orodha. Chaji utapata wapi, uombe kuchomeka kwa mteja? Kuna wateja hata maji ya kunywa hawakupi.

Ukitaka kuishi na betri unanunua nyingi, na betri ndiyo ghali, mashine yenyewe ni bei rahisi ukilinganisha. Kampuni kubwa zinaweza. Sisi wa pikapu moja ndio tunakufa.

JuaKaliMjini

Na hizo betri mnazosifia, kobalti inatoka wapi? Kwa ndugu zetu Kongo, zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Kuna watoto kwenye yale mashimo. Unahamisha moshi toka kwako unampelekea mwenzio vumbi.

ChajiImejaa

Hiyo ni hoja ya kweli na siikwepi. Ila unaiandika kwa simu yenye betri hiyo hiyo. Na petroli nayo haishuki toka mbinguni, waulize watu wa delta ya Niger. Dai migodi isimamiwe, sio kwamba mtu wa zamu ya usiku asilale.

SikioLaTatu

😂 Asante kwa kunikumbuka.

KimulimuliMdogo

Mbona hakuna aliyeuliza swali la kwanza: majani yana kosa gani?

Upepo wa hizi mashine kubwa unazidi kilomita 300 kwa saa mdomoni pale. Haupeperushi majani peke yake. Unang'oa vumbi, kuvu, chavua, mavi ya mbwa yaliyokauka, dawa za kuulia wadudu, unayapandisha kimo cha pua. Betri nayo inafanya hivyo hivyo, hapo Chaji usinune.

Na chini ya yale majani kuna watu wanaishi. Viwavi wa vipepeo na nondo, mabuu ya vimulimuli, buibui, nyungunyungu, wanasubiri baridi ipite. Ujerumani mwaka 2019 serikali iliwaambia wananchi waziwazi waache blowa pale isipokuwa lazima, kwa sababu zinaua wadudu. Na hata kabla ya hapo wana kanuni ya saa: maeneo ya makazi, Jumatatu hadi Jumamosi tu, saa tatu asubuhi hadi saba mchana, kisha saa tisa hadi kumi na moja jioni. Jumapili na sikukuu, marufuku.

Pitisha mashine ya kukatia nyasi juu ya majani, yasage, yaache yaoze. Ni mbolea ya bure hiyo. Kwenye njia ya watu ndio ufagie, mtu asiteleze.

BwanaReki

Nilikuwa nangoja hapa! Miaka yote nasema reki, mnanicheka.

MtuWaBustani

Kimulimuli, mimi nakuunga mkono asilimia mia. Sasa kamwambie mteja wangu.

KimulimuliMdogo

Ndiyo maana nasema sheria isimfuate mwenye mashine, imfuate mwenye uwanja. Yeye ndiye anayetaka sakafu ing'ae kama sahani.

WakiliWaJioni

Hilo nalipigia mstari. Faini ikienda kwa mwenye mali au kampuni iliyopokea kazi, ushahidi ni rahisi, nyumba haikimbii na pikapu. Na mji uanze na nyumba yake: bustani za umma, shule, makandarasi wa jiji wenyewe. Huwezi kumkataza mtu wa pikapu moja huku gari la jiji linapita na blowa tano.

SikioLaTatu

Wakuu, nimesoma yote. Nilipoanza uzi nilitaka marufuku ya kesho asubuhi. Sasa hivi nipo hapa: tarehe itangazwe mapema, miaka miwili au mitatu, mji usaidie wenye mashine moja moja kubadilisha, faini impate mwenye uwanja, msimu wa majani mazito walegezewe kwanza. Na wakati tunasubiri, saa za Wajerumani zianze hata leo, hizo hazigharimu kitu.

JuaKali najua hujakubali.

JuaKaliMjini

Sijakubali. Ila la saa sina ubishi.

MtuWaBustani

Sikio, huyo jamaa yako anaanzia upande gani wa jengo? Mara nyingi tunaanzia popote pikapu ilipoegeshwa. Shuka umwombe aanzie nyuma. Usimpigie kelele toka dirishani, hakusikii.

SikioLaTatu (siku nne baadaye)

Mrejesho. Nilishuka. Nilisimama mbele yake nikapunga mikono mpaka akanishtukia, akazima. Kijana mdogo tu, hajafika hata ishirini na tano. Nikamweleza habari ya zamu ya usiku. Akasema angejua angeshaanzia nyuma zamani, hakuna aliyewahi kumwambia kitu, wanamfokea tu toka juu na yeye haelewi wanasema nini.

Jana kaanzia nyuma. Nimelala mpaka saa nne na dakika kumi.

DadaWaMasikio

Masikio yake je?

SikioLaTatu

Hana kitu. Nikampa zile kinga zangu za kufunika, kavaa siku moja. Leo nimemwona hana. Nikamuuliza, akasema bosi humpigia simu akiwa kazini na akivaa hasikii inapoita.

DadaWaMasikio

Mwambie aiweke mfukoni kwenye mtetemo, ataihisi.

MtuWaBustani

Dada, na blowa nayo inatetemeka.